Maneno Sitini

Kila mhadhiri ana maneno sitini.
Hayo ndiyo maagizo ya Mkuu wa Kitivo:
sitini, na picha ya mabegani kwenda juu,
ukuta mweupe nyuma, tai isiyo na mkunjo.
Mimi ndiye ninayeyahesabu.
Ofisi yangu iko chini ya ngazi, hapa Upper Hill,
dirisha linatazama jenereta
na bawabu anayekunywa chai kwa kifuniko cha chupa.

Wananiletea maisha yao kwa bahasha,
kwa simu, nyuma ya kalenda ya mwaka juzi.
Dakta Nyaguthii, wa Masoko: shahada tatu,
utafiti juu ya uaminifu wa wateja.
Pembeni ameongeza kwa penseli:
miaka saba, mitumba, Gikomba,
kwanza kwa shangazi, kisha peke yangu.
Moto ulimkuta humo mara mbili, na mara zote mbili
alitandika turubai kabla majivu hayajapoa.
Mkuu akakata. Hiyo, alisema, si kazi, ni shida.
Penseli ikafutika, karatasi ikabaki na kovu.

Bwana Lokwawi, wa Ugavi, alikuwa dereva wa lori,
Mombasa hadi Lokichoggio, mwaka ule wa njaa.
Ameandika: mtaalamu wa usafirishaji.
Nilipomtazama akacheka,
"Kwani uongo? Si nilisafirisha?"

Profesa Hirani, mkaguzi wa hesabu mstaafu,
amenipigia mara nne kuuliza
kama tarakimu ni neno.

Halafu Bwana Wasonga Ndisi. Udhibiti wa Hatari.
Mkuu wa tawi, benki ya biashara, 1992 hadi 1998.
Benki haina jina.
Nikampigia: benki gani, mwalimu?
Nikasikia kijiko kikizunguka kikombeni,
kikazunguka, sukari ilishayeyuka zamani.
"Andika benki tu."

Lakini naijua.
Kitabu cha akiba cha mama, jalada la kijani,
kimo kwenye kopo la biskuti pamoja na nyuzi na sindano.
Muhuri wa mwisho ni wa Alhamisi.
Ijumaa mlango haukufunguliwa.
Mama alisimama foleni na viatu vyake vya kanisani,
karo yangu ya kidato cha kwanza
ikiwa mita sita mbele yake, nyuma ya mbao na chuma.
Nilianza shule mwaka uliofuata,
mrefu kuliko darasa zima.

Muhula ulipofunguliwa nikapanda ngazi
nikijidai napeleka orodha ya mahudhurio.
Alikuwa amewatoa nje wanafunzi wote,
mameneja wa kesho na makoti yao,
akajifungia ndani peke yake.
"Gongeni," sauti yake ilisema.
Wakacheka. Wakagonga kwa kidole kimoja,
kama watu wanaoomba chumvi kwa jirani.
"Gongeni kama pesa ni zenu."

Nilikuwa koridoni pamoja nao.
Niligonga.
Kwa kiganja, kisha kwa ngumi,
orodha ikatawanyika sakafuni,
na wale vijana mmoja mmoja wakaacha, wakanitazama.
Alipofungua alikuwa na jasho juu ya mdomo.
"Siku ile," aliwaambia, "mimi nilikuwa upande huu.
Funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Kaeni, tuanze."
Akainama, akaniokotea karatasi
akazipanga kwa alfabeti.
Hakuniuliza kitu, nami sikumwambia.

Wasifu wake una maneno arobaini na tisa.
Mchapaji wa River Road amepiga simu:
pana pengo ukurasa wa kumi na nne,
ajaze nini, tuzo, uanachama, ua dogo?
Nimemwambia aache hivyo hivyo.

Kumi na moja. Nimeyahesabu mara mbili.
Jina la benki lingekula matatu,
la mama mawili.
Yangebaki sita, na sijui ya nani.